Sahihi ya Mjane

Mkataba ulikuwa mzuri kupita kiasi, na hilo ndilo lililomfanya Inspekta Otim asiuamini. Kurasa zake zilipigwa chapa kwa nafasi sawa, kila kifungu kilikuwa na namba, na kwenye kona ya chini ya kila ukurasa wabia walikuwa wametia herufi za majina yao. Katika kazi yake ya upelelezi mjini Jinja, Otim alikuwa amesoma mikataba ya watu waliouziana mashamba, ng'ombe, mashine za kusaga na, mara moja, kaburi. Yote ilikuwa na makosa. Watu wanaoaminiana huandika vibaya, na wasioaminiana huandika kwa haraka. Huu uliandikwa na mtu aliyekuwa na nafasi ya kutosha, na aliyejua tayari mambo yataishia wapi.

Aliuweka magotini, ndani ya bahasha ya plastiki, katika sebule ya nyumba ndogo ya mtaa wa Kimaka, jirani na kambi ya jeshi. Mbele yake aliketi Hasifa, mjane wa Umar Isabirye. Koplo Olivia alisimama mlangoni akiwa na daftari ambamo hakuwa ameandika kitu. Amri ya mkuu wa kituo ilikuwa fupi: mjane ahojiwe, na kabla ya ofisi kufungwa afunguliwe mashitaka ya kuua bila kukusudia.

Mambo yenyewe hayakuwa magumu kuyaeleza. Isabirye, mwandishi wa programu za kompyuta, na Erisa, muuza vipuri vya pikipiki huko Mbale, walianzisha kampuni ya kutengeneza kifaa kinachofungwa chini ya kiti cha pikipiki. Pikipiki ikiibwa, mwendeshaji wa mtambo huiona kwenye ramani ya simu, hubonyeza kitufe, na injini huzimika. Mwanzoni mwa mwaka Isabirye aliugua ini na kufariki. Wiki iliyopita dereva wa bodaboda aitwaye Wabwire alikuwa akilipita lori la miwa kwenye barabara kuu, na lori jingine likija mbele yake, injini yake ilipozimika. Alikufa papo hapo. Pikipiki yake haikuwa imeibwa. Mafundi wa polisi walithibitisha kwamba amri ya kuizima ilitoka kwenye mtambo wa kampuni. Nani aliitoa, hawakuweza kusema. Mtambo ulifunguliwa kwa neno la siri, na neno la siri haliachi alama za vidole.

Mkataba ndio uliosema. Kwa mujibu wake, mali na faida zote zilikuwa za Erisa. Uendeshaji wa mtambo, kitufe, na dhima ya madhara yoyote vilikuwa vya Isabirye. Ukurasa wa mwisho, uliotiwa sahihi wiki chache baada ya mazishi, ulimrithisha mjane kazi hiyo yote. Faida huku, jela kule.

"Sahihi hii ni yako?" Otim aliuliza kwa Kiswahili.

Hasifa aliitazama karatasi bila kuigusa. "Ndiyo, afande."

"Uliitia wapi?"

"Huko... Mbale, afande."

"Malukhu, dukani kwa Erisa?"

"Ndiyo, afande."

"Siku hiyohiyo ukapewa neno la siri la mtambo."

"Ndiyo, afande."

Nje, kikosi cha wanajeshi kilipita kikikimbia mazoezi na kuimba, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia. Buti zao zilitikisa vikombe juu ya meza. Hasifa aliacha kupumua, au alionekana hivyo, mpaka wimbo ulipopotea upande wa kambi. Otim aliliona hilo. Aliona pia kwamba mwanamke huyu hakuwa ameuliza hata mara moja anashitakiwa kwa nini.

"Yule mwanasheria mwanamke," alisema, "alikusomea mkataba kabla hujatia sahihi?"

"Ndiyo, afande. Alinisomea."

"Mlikuwa naye chumba cha juu, ghorofani."

"Ndiyo. Juu."

Otim alifunga bahasha. "Mwanasheria aliyegonga muhuri hapa ni mwanamume mwenye ndevu. Nilizungumza naye jana. Duka la Erisa halina ghorofa."

Hasifa alifikiri kidogo, kisha akasema kwa sauti ileile, "Ndiyo, afande."

Olivia alikohoa. "Huyu mama ataitika tu, afande. Mwambie yeye ndiye aliyechimba mto Nile, atakuambia alitumia jembe gani."

"Umemaliza kumwitikisha mke wa mwanangu?" Sauti ilitoka uani. Zahara, mama yake marehemu, aliingia akifuta mikono kwa khanga. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa sokoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununua na kuuza, hakikuwa na buti ndani yake. "Babu yake huyu aliulizwa swali kwa Kiswahili kama hicho chako, na watu waliovaa kama nyinyi. Akajibu hapana. Mpaka leo hatujui kaburi lake. Kwao mtoto hufundishwa mapema: afande akiuliza, wewe itika."

"Basi ataitika mpaka gerezani, mama."

"Kwa hiyo nimekuja kujibu mimi. Nionyeshe tarehe."

Otim alimwonyesha. Zahara aliisoma kwa makini, midomo ikicheza, kisha akarudisha karatasi kama mtu anayerudisha nguo iliyofumuka.

"Siku hiyo hakuwa Mbale. Hakuwa hata hapo langoni. Alikuwa ndani ya eda."

Otim alitokea Lango, kaskazini mwa nchi, na alibatizwa utotoni. Alijua neno hilo kwa kulisikia tu. Zahara alimweleza bila kumwonea huruma: mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi kadhaa. Haendi sokoni, haendi harusini, hajipambi. Wengine humwendea kila anachohitaji. Kusafiri kutoka Jinja mpaka Mbale ili kutia sahihi mkataba wa biashara, akiwa katika hali hiyo, ni jambo ambalo mtaa mzima ungelizungumza kwa miaka.

"Wewe ni mama mkwe," Otim alisema. "Hakimu atasema unalinda nyumba yako."

"Waulize wasio wa nyumba yangu."

Olivia alitumwa nje, akarudi upesi. Jirani wa upande wa pili alikuwa mke wa sajini, mlokole kutoka Soroti, asiye na undugu wala urafiki na nyumba hii. Alithibitisha kwa kulalamika: katika miezi hiyo yote ndiye aliyembebea mjane maji kutoka bombani, kila asubuhi, na hakuna aliyemshukuru ipasavyo. Otim aliuthamini ushahidi huo kuliko kiapo. Mtu anayesifu anaweza kuwa ameandaliwa, lakini anayelalamika mara nyingi husema alichokiona.

"Mwanao alikuwa na mkataba gani na Erisa?" aliuliza.

"Karatasi hawakuwa nayo. Walikubaliana hapo uani, nusu kwa nusu, wakapeana mikono mbele ya shahidi. Nilimwambia, Umar, andikeni. Akasema nikiandika, Erisa ataona namshuku."

"Shahidi alikuwa nani?"

Zahara aliacha kufuta mikono. "Wabwire. Kifaa cha kwanza kilifungwa kwenye pikipiki yake."

Olivia alianza kuandika.

"Aliwahi kuzungumza na Erisa karibuni?"

"Alimpigia simu mwezi huu. Kuna kampuni ya Kampala inataka kuinunua ile biashara, nayo inataka kuona mkataba. Wabwire akamwambia, nusu ya mjane usiisahau, mimi nilikuwepo. Alikuja kutusimulia hapa, akicheka."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Makubaliano yasiyoandikwa yalikuwa yameishi katika vichwa vya watu watatu. Mmoja alizikwa na ugonjwa, wa pili akazikwa na lori. Wa tatu alikaa chini akaandika anavyokumbuka.

Otim alimgeukia Hasifa, akapunguza sauti. "Mchana huu uje kituoni. Utaandikisha maelezo mbele ya askari wa kike, kwa Lusoga, lugha yako. Utasema lililo kweli tu."

Hasifa alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Nitakuja na kaka yangu, Shakul. Peke yangu siwezi."

"Sawa," Otim alisema, akiwa tayari amesimama. Akili yake ilikuwa kwenye tarehe, kwenye ndevu za mwanasheria, kwenye safari ya Mbale. Hakuuliza kaka huyo anafanya kazi gani.

Gari la polisi lilikuwa moja, na Olivia ndiye aliyeliendesha. Baada ya Iganga walishika barabara ya Tirinyi. Mashamba ya mpunga yalilala pande zote mbili, na pikipiki zilipita kwa makundi. Chini ya viti vya nyingi kulikuwa na taa ndogo nyekundu, ndogo kama punje ya mtama. Otim alianza kuzihesabu, kisha akaacha. Mbele yao mwanamke alikuwa amepanda kwa upande, mtoto mgongoni, na dereva wake alikuwa akijitokeza kulipita tela la mbao.

"Punguza," Otim alisema.

"Afande, sisi hatuko karibu naye."

"Punguza tu."

Bodaboda ilipita salama. Olivia alimtazama mkuu wake kwa pembe ya jicho. "Nimekuendesha wewe miaka mingapi? Leo ndiyo siku ya kwanza unaogopa barabara."

"Endesha, Koplo."

Duka la Erisa huko Malukhu lilikuwa safi. Minyororo ilining'inia kwa urefu, tairi zilipangwa kwa ukubwa. Kaunta ilitenganishwa na wateja kwa nondo zilizofungwa kutoka mbaoni mpaka darini, kama maduka mengi yalivyo, na katikati yake kulikuwa na tundu la kupitishia fedha na bidhaa. Nyuma ya nondo aliketi mwanamume wa makamo mwenye miwani ya kusomea na shati lililopigwa pasi. Olivia alibaki garini.

"Karibu, afande. Habari ya Jinja?"

"Jinja iko. Nina maswali machache kuhusu mkataba wako."

"Uliza. Mimi na karatasi hatuogopani."

"Hasifa alipokuja kutia sahihi, alikuja na nani?"

"Peke yake, na gari la abiria la asubuhi. Nilimnunulia soda. Alivaa vizuri, nguo ya maua. Nilifurahi kuona mtu aliyefiwa anajipa moyo."

"Ulichagua wewe tarehe?"

"Biashara ilichagua. Kampuni haiombolezi, afande. Mwendeshaji amekufa, mtambo unahitaji mwendeshaji."

"Alikuwa katika eda."

Erisa alivua miwani. "Katika nini?"

Otim alimweleza, kwa maneno machache kuliko ya Zahara. Alimtaja jirani aliyebeba maji. Erisa alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, kama mwanafunzi anayeonyeshwa mahali alipokosea hesabu.

"Umar alifuturu mezani kwangu," alisema, "na mimi nikala Idi kwake. Hilo hakunitajia kamwe."

"Hakutarajia kwamba ungelihitaji."

"Hapana." Erisa aliirudisha miwani machoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya simu iliyolala kwenye kaunta, upande wake wa nondo. Aliigeuza kidogo ili Otim aione. Ilikuwa ramani ya Jinja. Kitone kimoja cha buluu kilikuwa kikisogea, na kando yake kuliandikwa jina: Shakul. "Bodaboda yake imekuwa Kimaka tangu asubuhi, nyumbani kwa dada yake. Wiki nzima hakubeba abiria kutoka pale. Mwanasheria wangu ana rafiki kituoni, na rafiki amemwambia kwamba mjane anasubiriwa mchana huu. Sasa Shakul ametoka. Unadhani amempakia nani?"

Mkono wa Otim ulikwenda kiunoni.

"Bastola iache ilipo, tafadhali, na simu yako iweke juu ya kaunta. Tazama kidole changu. Kimekwisha kugusa kitufe. Umar alikiunda vizuri: hakitumi amri unapokigusa, hutuma unapoinua kidole. Ukiwa umekosea, unakitelezesha pembeni, amri inafutika. Ukinipiga risasi, afande, kidole kitainuka."

Otim aliweka simu kaunta. Kitone kiliiacha njia ya mtaani, kikaingia barabara pana, ile ya malori ya miwa.

"Tufikiri kama watu wa biashara," Erisa alisema. Sauti yake haikubadilika. "Mkataba ukiwa wa uongo, mwenye kitufe ni mimi, nimeua, na sina cha kupoteza. Mkataba ukiwa wa kweli, mimi ni muuza vipuri. Kitufe sinacho. Shakul na dada yake watafika salama, kwa sababu hakuna mtu wa kuwazuia. Chagua wewe ipi iwe kweli."

Kwa mkono wa kushoto alisukuma karatasi moja kupitia tundu la nondo, pamoja na kalamu. Ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Afisa mpelelezi, nafasi ya jina ikiwa wazi, alitamka kwamba ameukagua mkataba, amewahoji wahusika, na ameridhika kwamba ni halali.

"Uliiandaa lini?"

"Wabwire alipozikwa. Nilijua atakuja mmoja wenu mwenye bidii."

"Kesho nitasema nililazimishwa."

"Sema. Utakuwa umetamka mambo mawili, na mojawapo litakuwa uongo wako mwenyewe. Mwanasheria atamwomba hakimu aamini lile lililoandikwa. Mimi nilijifunza kwa shida, afande. Umar aliniamini kwa mdomo, na angalia mdomo wake ulivyomsaidia mkewe."

Kitone kilisimama. Huenda ilikuwa makutano, huenda foleni. Kisha kikaanza tena, kwa kasi, kikivuka katikati ya barabara kama mtu anayelipita gari kubwa. Erisa hakukitazama. Alimtazama Otim.

Otim alitia sahihi.

Erisa alichukua simu ya pili kwa mkono wa kushoto, akaipiga picha karatasi, akaituma. Kidole cha mkono wa kulia hakikusogea. Walingoja. Fundi mmoja alikuwa akigonga chuma katika duka la jirani, akaacha, akaanza tena. Simu ya Otim ilipolia juu ya kaunta, Erisa aliinama mpaka karibu na nondo. "Pokea. Weka spika."

Alikuwa Konstebo Jimmy, wa kaunta ya kituo cha Jinja. "Afande, huyu mama Hasifa amefika na kaka yake. Wako salama, wamekaa hapa. Anasema umemwita aandikishe maelezo. Lakini mkuu amepokea picha ya karatasi kutoka Mbale, ina sahihi yako. Anauliza tufuate lipi."

Kitone chenye jina la Shakul kilikuwa kimetulia. Erisa alikitelezesha kidole pembeni, amri ikafutika, na kwa muda mfupi mkono wake ulikuwa hewani, hauna kitu chini yake. Otim aliiona nafasi hiyo. Ilipita kabla mkono wake mwenyewe haujafika kiunoni. Ramani ilikuwa imebadilika kuwa ya Mbale, vitone vikiwa vimejaa kuanzia mtaa wa Namakwekwe mpaka Malukhu kama siafu, na kidole kilikuwa kimetua juu ya kimoja.

"Geuka nyuma," Erisa alisema taratibu.

Otim aligeuka. Barabarani, nje ya mlango, bodaboda ilikuwa ikilipita gari la polisi ambamo Olivia aliegemea usukani. Ilikuwa imebeba watoto watatu wa shule wenye sweta za kijani, wa mbele akishika tangi la mafuta, wa nyuma akimpungia Olivia mkono. Kutoka upande wa mzunguko wa barabara lilikuwa likija lori la saruji. Olivia naye aliwapungia.

"Afande?" Jimmy aliuliza. "Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Tumfanyie nini huyu mama?"

Lori lilipiga honi. Watoto walicheka.

"Mfungieni," Otim alisema. "Mfungulieni mashitaka kama mkataba unavyosema."

"Sawa, afande." Simu ilikatika. Kabla haijakatika, nyuma ya sauti ya Jimmy, ilisikika sauti ya mwanamke ikiuliza jambo kwa Lusoga, na hakuna aliyemjibu.

Lori lilipita. Sweta za kijani zilipotelea kwenye kona, na Erisa alitelezesha kidole pembeni kwa uangalifu wa mtu anayefunga duka, kikatua juu ya kitone kingine. Kisha kwa mkono wa kushoto aliivuta karatasi upande wake, akatoa nyingine ya namna hiyohiyo kutoka kwenye mtoto wa meza, akaisukuma kupitia tundu pamoja na kalamu.

"Tia na hapa, afande, halafu uende nayo. Kila upande hubaki na nakala yake."